Aliyebaki Juu ya Duara

Mume wangu Valerian si mwongo. Naliweka hilo mbele kabisa, kwa sababu wanaomsema huko Samuye hawajaishi naye, na mimi nimeishi naye miaka kumi na minne. Akivunja kikombe anakuja mwenyewe kusema. Akichelewa kurudi kwa sababu ya mpira, hasingizii kazi, anasema alikuwa anaangalia mpira, nami nafoka, yanaisha. Maishani mwake amesema uongo mmoja tu. Ila huo mmoja aliulea miaka saba, akauoza mke, ukazaa watoto wawili, na mimi Generosa, mama Nelly, ndiye niliyekuwa mkunga.

Tunaishi Kalangalala, hapa Geita mjini. Siku hizi Valerian anasimamia karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na anarudi nyumbani mweupe kwa vumbi mpaka kope. Zamani alikuwa mchimbaji, yeye na kaka yake Amosi. Walitoka Samuye, kule Shinyanga vijijini, baada ya ng'ombe wa baba yao kuisha kwa ukame na baba mwenyewe kufa mwaka uliofuata. Nyumbani walimwacha mama yao na dada yao mdogo, Sesilia. Mama alibatizwa Bernadina, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Amosi, kwa sababu Amosi ndiye aliyewatangulia wote tumboni mwake, na kwa jinsi alivyolitamka jina hilo ungedhani hakuzaa mwingine. Valerian hakuona wivu. Yeye mwenyewe alimpenda Amosi kuliko alivyonipenda mimi. Nilijua, nikanyamaza.

Machimboni kuna utaratibu ambao hakuna aliyeuandika popote na kila mtu anaufuata. Ndugu wawili wa tumbo moja hawashuki pamoja kwenye duara, yaani kwenye shimo la dhahabu. Mmoja akiwa chini, mwingine anabaki juu kwenye winchi. Ukimuuliza mchimbaji sababu, atakujibu bila kusita: lazima abaki mtu wa kupeleka habari nyumbani.

Siku ile ya Aprili Amosi alikuwa chini na Valerian alikuwa juu. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Chini walikuwa watatu, na duara lilipokaa, yaani lilipoporomoka, wawili walivutwa: mmoja mzima, na mwingine, Chacha wa Tarime, mguu umevunjika mara mbili. Amosi alikuwa mbele yao, ndani kabisa. Walichimba siku mbili kwa zamu, maji yakapanda, ukuta mwingine ukaanguka. Mwenye duara hakuwa na kibali cha aina yoyote. Siku ya tatu alileta watu wakalifukia, na siku ya nne hayupo Geita. Wenzao wengi walimjua Amosi kwa jina la utani tu, hawakujua kwao ni wapi. Aliyejua alikuwa Valerian, na ndiye aliyepanda gari kwenda Samuye na habari yake kifuani.

Hakumkuta mama nyumbani. Alimkuta wodini, Shinyanga mjini, presha imempanda mpaka hasemi vizuri. Sesilia alikuwa amekaa pembeni ya kitanda anampepea kwa kanga. Mama alifungua macho, akamwona mtoto wake wa pili, akauliza neno moja.

"Amosi?"

Hapa lazima nieleze habari ya picha. Mwezi mmoja kabla ya maafa, familia moja ya Wazungu ilipita Geita na gari la ajabu, nyumba nzima juu ya magurudumu: vitanda, jiko, sinki, mapazia. Baba, mama na watoto wawili, walikuwa wanazunguka dunia. Tairi lao liliwafia hapa Kalangalala, na Amosi, ambaye alikuwa hawezi kumwona mtu amekwama akapita, alishinda nao siku nzima akilala chini ya gari lao. Walipoondoka walimpeleka studio wakamsafishia picha: Amosi katikati, mkono begani kwa yule baba, watoto wa Kizungu mbele yake, gari-nyumba nyuma. Picha hiyo aliituma Samuye kwa mtu. Mama aliitundika ukutani, chini ya msalaba.

Basi pale wodini Valerian alimjibu mama yake, akimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma: "Ameondoka na wale Wazungu wa kwenye picha, Mayu. Wamemchukua kazi. Wamempeleka Ulaya."

Mama akatabasamu. Nesi alipopita kupima alisema presha imeshuka. Mpaka leo namlaumu nesi yule, najua namwonea. Laiti angesema imepanda.

Valerian alirudi Geita akaniambia, "Ni kwa siku mbili tatu tu. Akitoka hospitali nitamwambia." Nilimkubalia. Kila tulipotaka kusema, Sesilia alitueleza jinsi mama anavyokula vizuri siku hizi, jinsi anavyokwenda kanisani kwa miguu yake, jinsi anavyomwonyesha picha ile kila anayepita. Mwezi wa pili mama akaanza kulalamika. Mtoto gani anakwenda Ulaya hapigi simu?

Hapo ndipo tulipozama. Valerian alinunua kitochi, simu ndogo ya vitufe, na laini mpya. Sauti yake na ya Amosi zilikuwa zinafanana, tofauti ni kwamba Amosi alisema kwa kuvuta, na kila baada ya maneno machache alicheka puani. Valerian alijifunza kucheka puani. Jumapili moja baada ya misa tulifunga mlango, nikamtuma Nelly dukani, akapiga. Nilisikia sauti ya mkwe wangu ikipasuka kwa furaha upande wa pili. Valerian alipokata simu alitoka nje akaosha mdomo, kisha akarudi akaniuliza, "Ulaya kuna nchi gani na gani?"

Nikaichukua atlasi ya shule ya Nelly. Tangu siku hiyo kila Jumapili ilikuwa hivyo. Mimi naweka kidole kwenye ramani, yeye anasema. Kwenye simu yangu nilikuwa nafuatilia video za familia moja ya Kizungu inayoishi ndani ya gari, na humo nilichota kila kitu: wanavyokunja vitanda asubuhi, wanavyojaza maji kwenye tangi, wanavyoegesha kando ya ziwa na kuanika nguo kwenye vioo. Amosi akawa dereva wa gari-nyumba. Akapita Ujerumani, akapanda milima ya Uswisi, akashuka Italia. Mama alipouliza ataoa lini, tulimwozesha Mzungu. Valerian alinitazama akitaka jina la mke, nami jina la kwanza kunijia lilikuwa la dada yangu wa Runzewe, Agnetha. Wakazaa wa kiume na wa kike. Amosi akanunua gari lake mwenyewe, na sasa ikawa familia ya Mama Amosi ndiyo inayozunguka Ulaya, Ufaransa mpaka Hispania, Hispania mpaka Ureno, inakula barabarani na kulala barabarani.

Kichekesho ni kwamba mama hakushangazwa na Ulaya hata kidogo. Theluji haikumbabaisha. Alitaka kujua mambo ya maana.

"Hilo gari likilala, linalala ndani ya uzio?"

"Hapana, Mayu. Linalala popote, hata kando ya barabara."

"Na sungusungu wa huko wanalinda?"

"Wanalinda, Mayu."

"Mwambie Agnetha asiwalaze watoto upande wa dirisha. Na haja wanakwenda wapi?"

Valerian alimweleza kwamba choo kimo humo humo ndani, karibu na jiko.  Mama akasema kwa huruma kwamba kweli Wazungu wana shida zao. Nilicheka mpaka nikaziba mdomo kwa kanga. Tulikuwa tunacheka, nisiwadanganye. Zilikuwepo Jumapili ambazo Valerian alisahau, akawa anamsimulia mama yake safari ya kaka yake huku macho yanang'aa, na mimi nilimsikiliza nikatamani lile gari liwepo. Alipokata simu ndipo uso wake ulipofifia, akaenda kulala mchana kweupe na viatu miguuni.

Nilimwambia. Mungu ni shahidi, nilimwambia mara nyingi. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikatishia kumpigia Sesilia mwenyewe. Alinijibu kila mara, "Wiki ijayo." Alikuwa mtu mzima anayeshika jiwe la kilo arobaini kwa mkono mmoja, lakini neno hilo dogo hakuweza kulibeba mpaka Samuye.

Mwaka wa tano mama akachoka na nchi za watu. Akasema amezeeka, anataka kuwashika wajukuu. Waje. Valerian akajaribu kusingizia kazi, akasingizia shule. Mama akamwambia, "Si mnalala popote? Basi njooni mlale kwangu." Kwa sauti ile ya Amosi, mume wangu akasikika akisema, "Tutakuja, Mayu. Tutakuja na gari, kwa barabara." Nilimfinya paja. Alikuwa amekwisha kusema.

Boma la Mama Amosi limezungukwa na ua wa minyaa, kama maboma mengi ya Samuye, na lango lake lilitosha ng'ombe na baiskeli. Mama akauliza upana wa gari. Valerian akamtajia upana niliouona mimi kwenye video. Siku tatu baadaye mama akachukua panga, bila kumngoja Sesilia arudi shamba, akaanza kuifyeka minyaa ili gari la mwanawe lipite. Wote tunajua utomvu wa mnyaa. Mtoto mdogo wa Kisukuma anajua usisogeze uso. Lakini alikuwa mzee, ana furaha, anafyeka kwa haraka. Utomvu ukamrukia jicho la kulia. Walimwosha kwa maji, wakampeleka zahanati, wakampeleka mjini, na jicho halikupona. Mwenyewe alilipuuza. Alituambia kwenye simu kwamba limebaki moja na linatosha kumwona Amosi.

Siku hiyo Valerian alilia mbele yangu kwa mara ya kwanza tangu duara. Nikadhani sasa imefika. Nikampa simu yake halali, nikamwambia, "Mpigie. Mwambie sasa hivi."

"Nikimwambia sasa," akasema, "jicho lake litakuwa limepotea bure."

 

Ile safari ya kurudi tuliikokota tulivyoweza. Ilivuka bahari, ikafika Misri. Kisha vita vikazuka Sudan, na naona aibu kusema kwamba tulipoisikia habari ile redioni tulipumua. Mama mwenyewe ndiye aliyeamua. Alisema wasithubutu kupita kwenye risasi na watoto, wakae huko huko Misri mpaka watu wapatane, kwa maana hata Familia Takatifu ilikimbilia Misri ikakaa salama. Basi wakakaa Misri. Kila Jumapili mama aliuliza vita vimefikia wapi, na kila asubuhi alifagia pale alipofyeka, ili nyasi zisiote gari litakapopita.

Alifariki Agosti mwaka jana. Kiharusi, Jumatatu, akiwa anachambua mchele. Tulifunga nyumba tukaondoka Geita mchana ule ule, mimi na Valerian na Nelly. Njiani Valerian aligeuzia uso dirishani. Nilidhani analia kimoyomoyo, kumbe alikuwa anaogopa watakavyomtaka Amosi kaburini, na angenieleza ningeogopa naye.

Msiba ulikuwa chini ya baba yao mdogo, Mzee Nkwabi, mdogo wa marehemu baba yao. Ni mtu wa haki, mkavu, haongezi neno. Alituketisha akatueleza kwamba marehemu ameacha maneno mbele yake na mbele ya katekista: asifukiwe mpaka Amosi amtupie udongo wa kwanza. Katika ukoo huo udongo wa kwanza ni wa mtoto wa kwanza, hilo sote tulilijua. Kwa hiyo mwili utabaki mochwari, akasema, na Amosi apande ndege kutoka Misri.

"Baba mdogo, tuzike tu," Valerian akasema. "Amosi mwenyewe amesema tuendelee."

"Amekwambia lini?"

"Leo."

"Mbona hakunipigia mimi?"

Valerian akainamisha kichwa. Mzee Nkwabi akasema tungoje. Tukangoja Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Watu walizidi kufika, wengine kutoka mbali, kwa sababu ilijulikana kwamba mtoto wa Ulaya anakuja na mke wa Kizungu. Wanawake walipika, wanaume wakachimba kaburi upande wa magharibi wa boma, wakalifunika kwa turubai na mawe pembeni. Kila ndege ilipopita juu, watoto walitazama. Nilimvuta Valerian nyuma ya ghala, nikamwambia kwamba mama yake anaoza kwa ajili ya mtu ambaye hatatoka popote. Nililisema hivyo hivyo, kwa neno hilo. Aliniangalia, akasema, "Najua, mama Nelly," akarudi kukaa kwenye mkeka.

Ijumaa Mzee Nkwabi akaona haiwezekani tena. Akaagiza jeneza liletwe. Gari lililolibeba lilikuwa pana, na dereva alipokaribia boma alipunguza mwendo akidhani hatapita. Akapita bila kugusa jani. Ndilo gari la kwanza lililowahi kuingia kwa lango lile. Nilimwona Sesilia akiligeuzia mgongo.

Baada ya sala, Mzee Nkwabi alisimama kando ya kaburi. Akasema hawezi kuvunja neno la marehemu kwa kusikia habari za mkono wa pili. Atampigia Amosi hapa hapa, mbele ya watu wote, na Amosi aseme kwa kinywa chake kwamba mama azikwe bila yeye. Akamwomba Sesilia simu ya marehemu. Sesilia akaitafuta namba, akamkabidhi. Mzee akabonyeza, akaweka sauti kubwa ili watu wasikie.

Kitochi kikalia ndani ya mkoba wangu.

Kilikuwa kinakaa humo siku zote, kwa sababu ya Jumapili, na tulipoondoka kwa haraka sikukikumbuka. Chaji ya kitochi inakaa wiki nzima. Kililia kwa ule mlio wa ng'inya ng'inya ambao Nelly aliuchagua bila kujua ni simu ya nani. Wanawake waliokaa nami mkekani wakageuka kunitazama. Nikaubana mkoba kifuani. Nikamtazama Valerian, aliyekuwa amesimama hatua tano kutoka kwa baba yake mdogo, nikaomba moyoni aje akikate, akitupe, aseme chochote.

Alikuja. Aliinama, akaingiza mkono mkobani, akatoa simu, akabonyeza kitufe cha kijani na kuiweka sikioni.

"Haloo," Mzee Nkwabi akasema. "Amosi?"

"Shikamoo, Baba mdogo."

Ilikuwa ile sauti ya kuvuta. Ilitoka kinywani mwa mume wangu, na papo hapo ikatoka kwenye simu ya marehemu, mkononi mwa mzee, zote mbili kwa pamoja, na simu zikaanza kupiga kelele kwa kuwa karibu. Mzee alikuwa anaiangalia midomo ya Valerian.  Lakini mtu akikuamkia unaitikia, na yeye akaitikia.

"Marahaba."

"Msinisubiri, Baba mdogo. Mimi siko Misri. Ulaya sijafika. Niko Geita, chini ya duara, tangu mwaka ule wa mvua nyingi. Nimekufa mimi. Hawakunitoa." Hapo ile sauti ikaanza kumtoroka, ikarudi kuwa ya kwake. "Valerian alikuwa juu. Aliachwa juu alete habari, hakuleta. Mzikeni mama."

Akakata simu. Pale bomani palikuwa na watu zaidi ya mia mbili, na nilisikia kuku akiparua chini ya ghala.

Aliyeanza alikuwa Sesilia. Alipiga yowe ambalo sikuwahi kulisikia kwa mtu, "Amosi wee! Kaka yangu wee!", akaanguka kwenye udongo wa kaburi, na wanawake wote wakampokea. Walilia upya, wakimlia aliyekufa miaka saba iliyopita kana kwamba ameanguka asubuhi ile. Baadaye aliniambia kwamba alijua namba ile ni ya hapa hapa nchini. Alidhani kaka yake yuko Mwanza, ana mke wa pili, anaona aibu, naye akamfichia siri. Nilikaa katikati ya vilio vile nikaelewa kitu tulichomwibia Mama Amosi. Tulimnyima kumlilia mtoto wake. Alikuwa na haki ya kukaa chini, kunyoa nywele, watu waje wamkalie, machozi yaishe, na siku moja anyanyuke. Badala yake tulimpa Ureno.

Mzee Nkwabi aliwangoja wapungue. Kisha akamuuliza Valerian ilikuwaje yeye akabaki juu, na Valerian akaeleza ule utaratibu wa ndugu wawili.

"Kumbe," mzee akasema. "Basi miaka saba tulikuwa tunakungoja wewe."

 Alichukua jembe akamfukia shemeji yake yeye mwenyewe, akisaidiwa na vijana wa ukoo, na Valerian aliponyoosha mkono achukue udongo, akamzuia kwa mpini. Udongo wa kwanza ni wa Amosi, akasema. Neno la marehemu limevunjwa nusu kwa sababu mwili haungoji, lakini nusu iliyobaki itatimizwa. Kaburi halitawekwa msalaba mpaka Amosi atakapofika. "Nenda kamlete," akamwambia.

Tulirudi Geita, tukamtafuta Chacha. Anatembea kwa gongo, anauza mahindi ya kuchoma stendi. Yeye ndiye aliyetuonyesha mahali, maana sisi tusingepajua: duara limekuwa shamba la mihogo la mtu, pamesawazishwa kabisa. Chacha alihesabu hatua kutoka kwenye mwamba mmoja, akachomeka gongo lake, akasema, "Hapa. Alikuwa anaimba." Mwenye shamba alituruhusu. Valerian alichimba mpaka kiunoni, mpaka alipofikia ule udongo mwekundu wa chini, akajaza mfuko mmoja wa sandarusi na kuufunga mdomo kwa kamba ya katani.

Mwenye karasha alituazima pikapu. Valerian hakutaka mfuko ukae nyuma na makorokoro, akauweka kati yetu kwenye kiti. Tulipita Bwanga, tukapita Runzewe, na Agnetha dada yangu, yule wa kweli, alikuwa barabarani anatusubiri na maji ya kunywa. Hakujua kwamba ana watoto wawili Misri. Tukaendelea. Bila kukusudia nikajikuta nataja majina kama nilivyozoea juu ya atlasi, kwa sauti ya chini, "Ushirombo. Masumbwe. Kahama," na Valerian anaitikia kwa kichwa.

Kabla ya Isaka askari alitusimamisha. Akaangalia leseni, akachungulia ndani, akauona mfuko.

"Nini hicho?"

"Udongo, afande," Valerian akasema.

"Mnatoka wapi?"

"Geita."

Askari akacheka. Akasema udongo wa Geita hausafiri hivi hivi tu, kama ni wa dhahabu kibali kiko wapi. Akafungua kamba, akaingiza mkono, akasugua punje kwa vidole akitafuta kinachong'aa. Valerian alimwacha amalize.

"Ni kaka yangu," akasema.

Askari alitutazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akauondoa mkono taratibu, akafunga kamba yeye mwenyewe, kwa mafundo mawili, akaturudishia leseni bila kuuliza tena.

Samuye tulifika mchana. Lile lango lilikuwa wazi vile vile, na pikapu ikaingia na nafasi ikabaki pande zote. Mzee Nkwabi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na kaburi. Sesilia alikuwa na rundo la vipande vya mnyaa alivyokata, amejifunika uso wote kwa kanga, anangoja tupite aanze kupanda aliposafisha mama yake. Hakuna aliyetuamkia. Valerian alishusha mfuko peke yake, akaubeba kifuani, akapiga magoti, akaumwaga pole pole kuanzia kichwani kwenda miguuni. Udongo wa Samuye ni wa kijivu, na ule wa Geita ulionekana wazi juu yake, mwekundu.

  Nilipomsikia akisema, ilikuwa sauti yake mwenyewe, haivuti wala haichekei puani.

"Mayu," akasema, "nimeleta habari. Amosi amekufa. Mimi nilikuwa juu."